Deni la Macho

Kwetu Dodoma mtu hapandi mlima bure. Mchungaji hupanda kumfuata mbuzi aliyepotea, mama hupanda kutafuta kuni, mganga hupanda kuchimba mizizi, na mrina asali hupanda na moto wake na kibuyu chake. Lakini mtu mzima mwenye akili timamu akionekana kileleni mikono mitupu, ameketi juu ya jiwe na kutazama tu, watu walio chini huulizana: Huyu ana nini? Ama amefiwa, ama amechanganyikiwa, ama ana jambo lake la siri, na mambo ya siri ya vilimani aghalabu si mambo mema.

Sisemi haya kwa kuwacheka watu wa kwetu. Mimi mwenyewe nilikuwa mfungwa wa desturi hiyo kwa miaka mingi. Tangu utotoni nilivipenda vilima vya mawe vya nchi hii, yale majabali yaliyobebana kana kwamba yalipangwa kwa mikono, na mibuyu iliyosimama chini yake bila jani hata moja wakati wa kiangazi. Lakini nilikuwa mwalimu, mtu mwenye heshima zake, nami nilihitaji sababu ya kupanda. Sababu yangu ikawa bunduki. Nikiwa na bunduki begani hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. "Mwalimu anakwenda kuwinda," walisema, na waliponiona nimekaa juu ya jabali saa nzima walijua kwamba ninatafuta mnyama. Kumbe nusu ya saa hiyo sikuwa nikitafuta kitu chochote.

Sasa nimezeeka, na bunduki sinayo tena. Mwaka mmoja uliopita mjukuu wangu, aliyesikia hadithi zangu za porini mara nyingi kuliko anavyopenda, aliniuliza: "Babu, hivi ulikuwa unakwenda kuua wanyama au kutembea?" Nilicheka, nikamjibu kwamba vyote viwili. Alitosheka na jibu hilo akaenda zake. Mimi sikutosheka. Kwa maana mtoto yule, bila kujua, alikuwa ameweka kidole juu ya kidonda ambacho nilidhani kimepona zamani. Basi katika kurasa hizi nataka kujaribu kumjibu vizuri zaidi. Swali lenyewe ni hili: Je, furaha ya macho anayoipata mtu akiwa njiani kwenda kuua ni furaha halali? Na kama ni halali, inamdai nini?

Nianze na jinsi ilivyokuwa. Mwaka 1973 Serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini, na uwindaji wa kitalii haukurudi hadi mwaka 1978. Sisi tulioanza kuwinda baada ya hapo, miaka ya 1980 mwanzoni, tulikuwa tukienda kwa bwana nyama kuomba leseni, tunalipia mnyama tuliyepewa, na Jumamosi tunaondoka alfajiri. Tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu aliyekuwa fundi wa magari na mwenye Land Rover iliyokwisha kuzeeka, na mzee mmoja wa Kigogo ambaye kwake ndiko tulikofikia. Tulishika barabara ya Kondoa, tukapita Makutupora, kisha tukaiacha barabara na kuelekea upande wa safu ya Chenene. Mzee tulimkuta nje ya tembe lake anatungoja. Tukiamkiana, "Mbukwa," naye huitikia polepole, kana kwamba salamu ni kazi inayotaka kufanywa vizuri.

Mzee huyu alizaliwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na alikuwa mtoto wakati wa Mtunya. Msomaji asiyetoka Ugogo huenda hajui neno hilo. Mtunya ni ile njaa kubwa iliyoanza mwaka 1917, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kupita katika nchi hii yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakataa. Watu walikufa kwa maelfu. Mzee hakupenda kuisimulia. Siku moja tu alitueleza kwamba mama yake aliwavusha yeye na dada yake kwa mizizi, matunda ya porini na nyama ya wanyama wadogo aliowanasa kaka yake kwa mitego. "Digidigi mmoja," alisema, "tulimla mpaka kwato." Basi yeye alipokwenda porini, hakwenda kwa sababu ileile niliyokwenda nayo mimi. Jambo hilo nilikuwa sijalielewa bado.

Kwa nini mwindaji hupanda mlima? Nchi yetu ya bara ni tambarare iliyoinuka mita elfu moja na zaidi juu ya bahari, na sehemu kubwa imefunikwa na vichaka vya miiba ambavyo mtu akiwa ndani yake haoni hatua ishirini. Ukitembea chini, tandala atakuona kabla hujamwona, na ukimwona utamwona akiondoka. Kwa hiyo unatafuta kilima, unapanda upande ule upepo usikokuchongea, na ukifika juu unajilaza na kuyaacha macho yafanye kazi ya miguu. Kupanda kwenyewe ni taabu. Mawe huwa ya moto mapema, majani makavu huteleza, pimbi hupiga kelele na kuwatangazia jirani zao wote kwamba umefika. Mara nyingine mbuzi mawe husimama juu ya ncha ya jabali, kwato zake nne zimekusanyika mahali palipo kama kiganja, akakutazama wewe unayehema kwa mikono na magoti, nawe unaona haya.

Lakini ukifika juu! Nchi yote imelala chini yako. Upande wa magharibi ardhi inateremka kuelekea mbuga za Bahi, na kiangazi kikiwa kikali vumbi jeupe huinuka huko na kutembea peke yake. Kaskazini vilima vinafuatana kimoja nyuma ya kingine, cha kwanza cha kijani, cha pili cha kijivu, cha tatu cha samawati, na cha mwisho hujui kama ni kilima au wingu. Chini kabisa moshi mmoja unapanda wima kutoka kijijini, na ukitulia unasikia kengele ya ng'ombe ambaye huwezi kumwona. Upepo wa huko juu ni baridi hata saa sita mchana. Nimesoma vitabu vingi maishani, lakini sijapata kusoma kitu kilichoniweka sawa na nafsi yangu kama kukaa pale. Madeni, ugomvi wa ofisini, foleni za sukari na sabuni za miaka ile, vyote vilikuwa vidogo kama ule moshi.

Sasa nisimulie siku niliyoificha.

Ilikuwa mwezi wa tisa, jua limekwisha kuanza kuinama. Tulimkuta tandala dume pembezoni mwa korongo, pembe zake zimejisokota mara mbili na zaidi, anakula majani bila wasiwasi. Nilipiga. Nilipiga vibaya. Aliruka, akainamisha mgongo, akaingia kichakani. Mzee alikwenda pale alipokuwa amesimama mnyama, akachutama, akaigusa damu, akaninyoshea kidole chake nikione. Damu ilikuwa nyeusi, imechanganyika na majani yaliyotafunwa. Maana yake risasi ilikuwa imepita tumboni, na mnyama wa namna hiyo hafi upesi.

Tukashauriana. Mzee na rafiki yangu watafuata damu chini, polepole. Mimi nipande kilima kilichokuwa karibu, nitazame pande zote, na nikimwona tandala niwapigie mluzi na kuwaonyesha kwa mkono. Lilikuwa shauri zuri. Nilipanda haraka, nikafika juu nikihema, nikatazama chini kuzunguka pande zote. Sikuona kitu. Nikakaa.

Ndugu msomaji, sina udhuru. Nilikaa nikielekea magharibi, kwa kuwa huko ndiko jua lilikokuwa. Lilikuwa limeshuka hadi kwenye vumbi la Bahi, likawa kubwa na jekundu kiasi kwamba mtu aliweza kulitazama bila kufumba macho. Vivuli vya mibuyu vilirefuka mpaka vikagusana. Kundi la ndege lilipita chini yangu, nami nikaiona migongo yao iking'aa. Nilisahau. Sikusahau kwa dakika moja au mbili. Nilisahau mpaka jua likaingia, mpaka rangi zote zikaisha moja baada ya nyingine, mpaka nikasikia rafiki yangu akiniita kwa sauti ya mtu aliyeita mara nyingi.

Giza lilikuwa limeingia. Kuwinda usiku sheria ilikataza, na hata isingekataza, kumfuata mnyama aliyejeruhiwa ndani ya kile kichaka bila kuona ungekuwa wazimu. Tulilala kwa mzee. Usiku wa manane tulisikia fisi, kwanza mmoja, halafu wengi, upande wa kile kilima. Hakuna aliyesema neno.

Asubuhi tuliifuata damu. Ilizunguka kilima, ikatokea upande wa mashariki, ikafika chini ya mwamba uliotokeza kama paa. Hapo nyasi zilikuwa zimelazwa na udongo umelowa. Tandala alikuwa amelala pale kwa muda mrefu, akainuka, akalala tena hatua chache mbele, akainuka tena. Niliinua macho. Juu ya mwamba ule, hatua zisizozidi hamsini, ndipo nilipokuwa nimekaa. Ningegeuza shingo tu ningemwona. Risasi moja ingemaliza maumivu yake kabla jua halijazama. Mbele kidogo tulikuta pembe, fuvu na vipande vya ngozi.

Nilingoja mzee anikaripie, na ingekuwa afadhali kama angenikaripia. Aliketi juu ya jiwe, akatoa ugoro wake, akanusa, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, huko juu uliona nini?"

Nilijaribu kudanganya, nikashindwa. Nikamweleza habari ya jua, vumbi, vivuli na ndege. Nilitazamia kwamba atashangaa, au atacheka, maana niliamini kwamba mambo hayo ni yetu sisi tuliosoma, na kwamba mtu kama yeye huuona mlima kama mahali pa mizizi na mizinga tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Ni kweli. Pale ni pazuri. Hata mimi hupanda nikakaa." Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza: "Lakini mtu akishamwaga damu, macho yake si yake tena. Ni ya yule aliyemjeruhi, mpaka amfikie. Akishamfikia, ndipo atazame mpaka achoke."

Nimeishi na maneno hayo miaka arobaini. Kwanza yaliniaibisha kwa sababu ya kiburi changu: yule mzee alikuwa akiuona uzuri wa nchi yake siku zote, ila hakuufanya kuwa jambo la kujisifia. Pili, yalinitwika swali nililolitaja mwanzoni. Nimelijibu kwa namna tofauti katika umri tofauti, na sasa nataka kuyapima majibu hayo moja moja.

Jibu la kwanza ni la wapole. Husema: ulifanya uzembe, basi. Uzuri wa jua hauna hatia. Ungeweza kusahau kwa sababu ya usingizi au kwa sababu ya kuvuta sigara. Jibu hili lina ukweli. Jua halikunituma nimsahau mtu. Lakini halitoshi, kwa kuwa usingizi ungenijia bila hiari yangu, ilhali ule uzuri niliuendea mwenyewe. Niliuchagua. Nilijua, mahali fulani ndani ya moyo, kwamba kuna kazi nyuma yangu, na nikaipa kisogo kwa sababu iliyokuwa mbele yangu ilikuwa tamu zaidi.

Jibu la pili ni la wakali, nalo ndilo linalouma. Husema: wewe hukuwa na njaa. Ulikuwa na mshahara, mdogo lakini upo. Nyama ungeipata sokoni. Ulichokitaka ni mlima, na kwa kuwa ulionea haya macho ya watu, ukatafuta kisingizio, na kisingizio hicho kilihitaji mnyama. Basi tandala yule hakufa kwa ajili ya chungu. Alikufa ili mwalimu asichekwe. Nikiitazama hukumu hii siwezi kuikanusha yote. Nyama tuliyopata siku nyingine tuligawana, tukala na majirani wakala, nami sitasema kwamba haikuwa na faida katika miaka ile ya uhaba. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya kaka yake mzee aliyetega digidigi wakati wa Mtunya na mimi niliyepanda kilima na leseni mfukoni. Yeye aliua ili dada yake aishi. Ajabu ni kwamba siku hizi, kwa mujibu wa sheria, mtu wa namna yake ndiye angeitwa jangili na mtu wa namna yangu ndiye angeitwa mwindaji. Siwalaumu waliotunga sheria, maana wanyama wamepungua na lazima mtu awalinde. Nasema tu kwamba kibali cha ofisini na haki mbele ya dhamiri si ndugu wa tumbo moja.

Jibu la tatu ni la wanafalsafa. Mhispania mmoja, José Ortega y Gasset, aliandika juu ya uwindaji mwaka 1942, na hoja yake ni kwamba mwindaji wa kweli hawindi ili aue, bali huua ili awe amewinda. Kwa maoni yake, kifo ndicho kinachoutia uwindaji uzito, na mwindaji huwa macho kuliko mtu yeyote mwingine porini, kwa kuwa hajui hatari au bahati itatokea upande gani. Sina budi kukiri kwamba katika hilo la mwisho amesema kweli. Nilipokuwa na bunduki niliujua upepo kila dakika. Niliweza kutofautisha kinyesi cha jana na cha leo. Ndege wakinyamaza nilisikia kunyamaza kwao. Nilipoacha bunduki, mara ya kwanza kupanda nilikuwa kama abiria wa basi: nchi ilipita mbele yangu, nikaisifu, nikarudi nyumbani bila kuiona. Kwa muda nilifikiri kwamba kweli uzuri wote ule ulikuwa umenunuliwa kwa damu, na kwamba asiyetaka kulipa na asitazame.

Lakini nikawakumbuka wengine wanaouona mlima vizuri kuliko mimi na hawaui kitu. Mrina asali husikia sauti ya yule ndege anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki kutoka mbali, naye humfuata mti hadi mti. Mtoto mchunga mbuzi hujua kila jiwe ambalo chui anaweza kulalia. Mama mwenye kuni hujua ni mti upi uliokufa mwaka huu na upi uliokufa mwaka jana. Hawa wote wako macho. Basi kinachoyafumbua macho si kifo. Ni kuwa na kitu kinachokutegemea: mbuzi, mtoto, chungu, nyuki. Mwindaji naye huona kwa sababu maisha ya kiumbe yako mikononi mwake. Mimi siku ile nilikuwa na kiumbe mikononi mwangu, nikamwacha aanguke, na tangu dakika ile niliacha kuona, ingawa nilidhani ninaona kuliko siku zote. Lile jua kubwa na jekundu nililitazama kama kipofu anayeota.

Zamani sana, mwaka 1336, mshairi wa Italia aitwaye Petrarca alipanda mlima Ventoux huko Ufaransa kwa sababu moja tu, kuona kilivyo kilele chake. Alipofika juu alifungua kitabu cha Mtakatifu Agostino alichokuwa amekibeba, akakuta mahali panapowalaumu watu kwa kuistaajabia milima na kujisahau wao wenyewe. Aliona haya, akashuka bila kusema neno. Nampenda mtu huyu kwa sababu ya aibu yake, maana nami niliwahi kushuka mlima nikiwa kimya. Lakini siwezi kuifuata tiba yake. Yeye alijilaumu kwa kutazama nje akaamua kutazama ndani. Kosa langu halikuwa kutazama nje kupita kiasi. Nilitazama nje kidogo mno. Ndani ya nafsi yangu ndimo nilimokuwa, katika raha yangu, wakati hatua hamsini nyuma ya mgongo wangu kulikuwa na kiumbe aliyenihitaji.

Hapa namkumbuka Mwalimu Nyerere. Amenukuliwa akisema kwamba yeye binafsi hakuwa mpenzi mkubwa wa wanyama, wala asingependa kutumia likizo yake kutazama mamba. Hata hivyo alitaka kwa dhati wanyama hao wadumu. Na mwezi Septemba mwaka 1961, pale Arusha, alitoa tamko kwamba wananchi watawatunza kwa ajili ya vizazi vijavyo. Watu hucheka wakisikia habari ya mamba. Mimi huona ndani yake somo. Mtu anaweza kutimiza wajibu kwa kitu ambacho hakimfurahishi, na mtu mwingine anaweza kufurahia kitu bila kutimiza wajibu wowote kwacho. Kati ya hao wawili, mlima ungemchagua nani awe jirani yake?

Miaka michache baada ya siku ile nilikwenda Kolo, wilayani Kondoa, kuitazama michoro ya mapangoni. Mary Leakey aliifanyia kazi kubwa mwaka 1951, na mwaka 2006 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mtu hupanda mteremko mkali hadi kwenye miamba iliyoinama, na juu ya kuta zake, kwa rangi nyekundu iliyofifia, wamo pofu, twiga, tembo, na watu wembamba warefu kama vivuli vya jioni. Wataalamu wana maelezo mbalimbali juu ya sababu za michoro ile. Wengine huihusisha na matambiko, na hadi zama zetu wenyeji wameendelea kupanda kwenye mapango yale kuomba mvua na uponyaji. Mimi sina utaalamu. Nilifanya jambo dogo tu: niliupa mgongo ukuta nikatazama kule walikokuwa wakitazama wachoraji. Nchi yote ilikuwa chini yangu, wazi, mpaka upeo wa macho. Nilijua mara moja mahali pale ni pa namna gani, kwa kuwa nilikuwa nimekaa mahali kama pale mara mia. Halafu nikageuka, nikawaona wale wanyama ukutani, wamechorwa na mtu aliyejua jinsi shingo ya twiga inavyoungana na bega, na nikafahamu kwamba aliyewachora alikuwa amefanya kile ambacho mimi sikukifanya. Alikuwa ametazama mbali, kisha akageuka.

Bunduki niliirudisha Serikalini miaka mingi iliyopita, na huwa bado napanda, ingawa magoti hayanitii. Naishi sasa katika mji ambao, kwa mapokeo ya wazee, jina lake lenyewe lilitokana na tembo aliyedidimia kwenye matope alipokwenda kunywa maji. Tembo wenyewe hawapo tena hapa. Mwaka 1973 iliamuliwa Dodoma iwe makao makuu. Serikali ilipohamia kwa nguvu kuanzia mwaka 2016, mji ukakua haraka, na mwaka 2018 ukatangazwa kuwa Jiji. Nyumba zinapanda vilima. Majabali yanapasuliwa kuwa kokoto. Watu wanaonunua viwanja juu ya miteremko huniambia kwamba wanapenda mandhari, nami nawaamini, kwa kuwa wanasema kwa macho ya mtu niliyemjua. Ila nami huwauliza: maji ya mvua yanayoshuka kutoka kwenye uwanja wako uliofyekwa yanaingia nyumbani kwa nani? Wengi hawajageuka kutazama. Wanaangalia magharibi. Mtu hahitaji bunduki ili ajeruhi na kuendelea kulifurahia jua.

Basi mjukuu wangu, jibu langu ni hili. Nilikuwa nakwenda kutazama, na nikaona haya kusema hivyo, na kwa ajili ya haya hiyo wanyama walikufa, na mmoja alikufa vibaya. Furaha niliyoipata huko sikuiiba. Mzee alinipa ruhusa nayo kwa kinywa chake aliposema hata yeye hupanda akakaa. Lakini niliichukua kabla ya saa yake. Ukitaka kupanda mlima, panda. Usitafute kisingizio, na watu wakikuuliza una nini, waambie unatazama. Kabla hujaketi, zunguka kilele chote. Tazama kwanza upande ule usio na jua.

Mzee alifariki mwaka 1991. Siku ya maziko niliomba ruhusa kwa wanawe nikapanda kile kilima peke yangu. Nilikwenda moja kwa moja hadi ukingo wa mashariki, nikakaa juu ya ule mwamba, nikatazama chini mahali nyasi zilipokuwa zimelazwa. Palikuwa na mbuzi wawili na mtoto aliyelala kivulini. Nilikaa hapo mpaka mtoto akaamka, akawahesabu mbuzi wake, akawaondoa. Jua lilizama nyuma yangu, sikuliona.